Uchungu si ukali: Historia ya bia ya hopsi na msamiati wetu wa kuonja

MGEMA akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, tukaitolea maana ya nje na ya ndani, kisha tukaiacha hapo. Wachache mno hujiuliza: huyo aliyemsifu mgema alikuwa nani, na alimsifu kwa maneno gani? Mtu hawezi kusifu asichokionja. Wala hawezi kugundua kwamba tembo la leo limetiwa maji kama hakumbuki ladha ya tembo la jana. Nyuma ya methali hii, basi, amesimama mwonjaji: mtu mwenye ulimi wenye kumbukumbu na lugha ya kuielezea kumbukumbu hiyo.

Kabla hatujaendelea, tuweke sarufi sawa. Katika neno "hulitia" kuna kiambishi -li-, kirejelezi cha kitendwa katika ngeli ya LI-YA. Kiambishi hicho ndicho kinachotuambia kuwa tembo hapa ni kinywaji kinachogemwa mnazini. Angekuwa yule mnyama mwenye mkonga, tungesema "humtia maji", na hapo methali ingegeuka kichekesho. Kwa Mswahili wa Mombasa hata utata huo haupo: tembo liko juu ya mnazi, ndovu yuko msituni.

Nimeanza na mgema kwa sababu kuna dai ninalolisikia mara kwa mara, hata vyuoni, kwamba Kiswahili hakiwezi kuzungumzia ladha kwa undani. Ati kwetu kitu ni kitamu, kichungu au kikali, basi. Divai, kahawa, chai na bia tuwaachie wenye Kiingereza na Kifaransa. Katika makala haya ninataka kulipima dai hilo kwa mfano mgumu kuliko yote ninayoweza kuufikiria: ile bia nzito, yenye hopsi nyingi, inayopikwa na viwanda vidogo na kuitwa India Pale Ale maradufu. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake ni historia ya maneno yaliyobadilika maana. Pili, inatufundisha tofauti ya uchungu na ukali, tofauti ambayo katika nchi yetu si suala la madoido ya lugha tu.

Hebu tuanze na mmea wenyewe. Hopsi ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya kamba au nguzo, wa jamii moja na bangi. Kinachotumika katika bia ni vikonyo vya maua ya mmea jike. Ndani ya vikonyo hivyo mna unga wa manjano unaonata kama utomvu, na humo mna vitu viwili: mafuta yenye manukato, na asidi ambazo wanakemia huziita asidi za alfa. Zikichemshwa kwa muda wa saa moja hivi, asidi hizo hubadilika umbo na kuwa chungu. Mafuta nayo hupeperuka na mvuke. Kwa hiyo mpishi anayetaka uchungu hutia hopsi mapema, anayetaka harufu huzitia mwishoni, na anayetaka harufu zaidi huzitia baada ya bia kupoa na kuchacha, bila kuzichemsha kabisa.

Uchungu huo una kazi. Huzuia aina nyingi za bakteria wanaoichachusha bia ikawa kama siki. Wazungu waliligundua jambo hili kwa uzoefu, muda mrefu kabla ya darubini. Mwaka 822 abati Adalhard wa Corbie, Ufaransa, alizitaja hopsi katika kanuni za monasteri yake. Katika karne ya 12 mtawa Hildegard wa Bingen, Ujerumani, aliandika kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji kuharibika. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa amri kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji pekee.

Linganisha na kwetu. Busaa, muratina na mnazi havina hopsi. Mmea huu hutaka mchana mrefu wa kiangazi, na hustawi hasa kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, mbali na ikweta yetu ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Wazee wetu walilitatua tatizo la kuharibika kwa njia nyingine, nayo ni wakati. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Tembo la sasa hivi ni tamu, likikaa saa kadhaa linakuwa kali, likilala siku mbili tatu linaelekea kuwa siki. Kila hatua ina wanywaji wake. Mzungu wa kaskazini aliitunza bia yake kwa uchungu. Mswahili alilinda tembo lake kwa kulinywa mapema. Hakuna aliyekuwa mjinga.

Sasa tuingie katika lugha. Uingereza ya karne ya 15 ilikuwa na maneno mawili. "Ale" kilikuwa kinywaji cha jadi kisichokuwa na hopsi. "Beer" kilikuwa kinywaji kipya chenye hopsi, kilicholetwa na wafanyabiashara na wapishi kutoka Flanders na Uholanzi. Wenyeji wengine walikipinga kama kitu cha kigeni. Baadaye hopsi zilishinda, zikaingia hata ndani ya ale, na ile tofauti ya awali ikafutika. Leo mtu akikuuliza tofauti ya maneno hayo mawili, itabidi umpe jibu jingine kabisa, linalohusu hamira na joto la kuchachusha. Maneno ni yale yale, maana zimehama. Lililobaki ni kuona jinsi maneno matatu, India Pale Ale, yalivyosafiri mbali zaidi.

Hadithi inayosimuliwa kwenye lebo nyingi ni hii. Eti Waingereza waliokuwa India walikosa bia nzuri kwa sababu bia ya kawaida iliharibika njiani. Basi mpishi mmoja wa London, George Hodgson, akabuni bia mpya, kali mno na yenye hopsi tele, ili ihimili safari. Hadithi tamu. Hata hivyo, wanahistoria wa bia, hasa Martyn Cornell wa Uingereza, wameichambua na kuonyesha kuwa sehemu kubwa yake haina mashiko.

Kiwanda cha Hodgson kilianza mwaka 1752 eneo la Bow, mashariki mwa London. Bahati yake ilikuwa ujirani. Bow haiko mbali na Blackwall, zilikotia nanga merikebu za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Manahodha walikuwa na haki ya kubeba bidhaa zao binafsi, na Hodgson aliwauzia bia kwa mkopo wa muda mrefu. Miongoni mwa bia alizowauzia ilikuwamo bia yenye rangi nyepesi na hopsi nyingi, iliyokuwa ikipikwa Uingereza hata kabla yake na kuhifadhiwa kwa miezi mingi kabla ya kunywewa. Aidha, wapishi wa bia katika karne ya 18 walikwisha kujua kwamba bia inayopelekwa nchi za joto iongezewe hopsi. Na hata bia nyeusi iitwayo porter ilifika India kwa wingi ikiwa salama. Kwa ufupi, Hodgson hakubuni kitu. Alikuwa karibu na bandari.

Kilichobadilisha bia hiyo ni safari yenyewe. Merikebu zilitumia miezi kati ya minne na sita, zikavuka ikweta mara mbili, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ndani ya mapipa bia ilitikisika, ikapata joto, ikapoa, ikapata joto tena. Iliposhushwa Kolkata ilikuwa imekomaa kuliko bia ya umri huo iliyobaki katika ghala la London.

Katika miaka ya 1820 warithi wa kiwanda cha Hodgson waliingiwa na tamaa. Waliwabana manahodha na kujaribu kuisafirisha bia wenyewe. Hapo mmoja wa wakurugenzi wa ile Kampuni, Campbell Marjoribanks, alimwendea Samuel Allsopp, mpishi wa bia wa mji wa Burton, akamwomba aige bia ya Hodgson. Allsopp alikubali upesi, kwa kuwa soko lake la Urusi lilikuwa limefungwa kwa ushuru. Kilichotokea hakikutarajiwa. Maji ya visima vya Burton yana jasi nyingi, na jasi huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na safi ulimini. Mwigaji akamshinda aliyeigwa. Allsopp na jirani yake Bass wakalitwaa soko. Kufikia miaka ya 1830 jina la India lilikuwa limekwisha kubandikwa kwenye matangazo ya bia hiyo hata ndani ya Uingereza.

Je, bia hiyo ya karne ya 19 ilikuwa na nguvu kupindukia? La. Kiasi chake cha kileo kilikuwa asilimia 6 au zaidi kidogo, na palikuwa na bia nyingi za wakati huo zilizoizidi. Sifa yake ilikuwa uchungu, si nguvu. Kisha karne ya 20 ikaja na kodi na vita. Kodi ya bia nchini Uingereza hukadiriwa kwa nguvu yake, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza nafaka ilikuwa adimu. Wapishi wakapunguza na kupunguza, hadi tukafika mahali ambapo bia zinazoitwa IPA katika baa za Uingereza, kama vile ile ya Greene King, zina kileo cha chini ya asilimia 4. Jina lilibaki likiwa limevaa koti la babu yake.

Wamarekani ndio waliolipa jina hilo mwili mpya. Mwaka 1972 watafiti wa kilimo wa serikali katika jimbo la Oregon walitoa aina ya hopsi iitwayo Cascade, yenye harufu ya balungi na maua. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani, na majikoni mwa watu hao kukazaliwa kizazi cha wapishi wapya. Kiwanda cha Sierra Nevada cha Chico, California, kilianza kuuza bia yake ya Cascade mwanzoni mwa miaka ya 1980. Halafu mwaka 1994 kijana Vinnie Cilurzo, katika kiwanda cha Blind Pig mjini Temecula, akapika bia yenye hopsi takriban maradufu na kimea zaidi. Kwa nini? Yeye mwenyewe ameeleza: vifaa vyake vilikuwa vikuukuu, naye alitaka bia kubwa itakayofunika kasoro zozote. Baadaye, katika kiwanda cha Russian River, alipika bia iitwayo Pliny the Elder, yenye kileo cha asilimia 8, ambayo wengi huichukua kama kielelezo cha aina hii. Jina ni la mwandishi wa Kirumi ambaye anadhaniwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuutaja mmea wa hopsi.

Maneno ya Cilurzo yanafaa kukumbukwa na kila mwonjaji. Uchungu mwingi unaweza kuwa sifa, na unaweza kuwa pazia. Mgema wetu alificha upungufu kwa maji. Mpishi wa leo anaweza kuuficha kwa hopsi. Ndiyo sababu kuonja kunahitaji utaratibu.

Utaratibu upo. Nchini Marekani kuna mpango wa mafunzo na vyeti vya waamuzi wa bia, ulioanza mwaka 1985, ambao humpa kila mshindani alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia kinywani 5 na tathmini ya jumla 10. Angalia jinsi macho yalivyonyimwa alama. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, mwanasayansi Mdenmarki Morten Meilgaard alibuni gurudumu la ladha za bia. Aliyapanga majina ya harufu na ladha katika duara ili watu wa viwanda mbalimbali wanaposema neno moja wamaanishe kitu kimoja. Tukiliangalia kwa jicho la isimu, gurudumu lile ni kamusi. Wenzetu hawakuzaliwa na msamiati wa kuonja bia. Waliketi chini wakakubaliana.

Sasa tuijaribu kazi hiyo kwa Kiswahili. Nitafuata mpangilio wa hao waamuzi.

Tuanze na harufu. Hapa Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza hakina. Sisi tuna kitenzi kwa kila upande: ua linanukia, soksi zinanuka. Kiambishi kimoja tu kinaamua hukumu. IPA nzuri hunukia. Hunukia nini? Maganda ya chungwa, ndimu, balungi, danzi, embe lililoiva, pera, pasheni. Baadhi ya hopsi zina harufu ya msonobari na utomvu wake, na aliyekulia nyumba inayofukizwa udi na ubani hatapata shida kuitambua harufu hiyo ya utomvu. Nalipenda hasa neno danzi, kwa sababu danzi ni chungwa chungu, na sifa hizo mbili ndizo zinazokutana katika bia hii. Kasoro pia zina majina. Bia iliyopigwa na hewa hunuka karatasi iliyolowa. Iliyochacha vibaya yaweza kunuka siagi au mahindi ya kuchemsha. Iliyopigwa na jua hunuka kicheche, kwa sababu mwanga huzivunja zile asidi chungu za hopsi na kuzaa kitu kinachofanana na kile kinachorushwa na wanyama wa aina hiyo. Hii ndiyo sababu bia nyingi hutiwa katika chupa za kahawia.

Mwonekano ni rahisi: rangi ya dhahabu, ya asali au ya shaba, bia angavu au yenye ukungu, povu jembamba au zito, linalodumu au linalozimika, na mashapo chini ya bilauri.

Tukija kwenye ladha, tuna maneno ambayo vijana wetu wameyasahau. Bia isiyo na ladha ya kutosha ni chapwa, au dufu. Iliyofika pale panapotakiwa imekolea. Kitenzi kukolea ni hazina: hakisemi nyingi wala chache, kinasema kiasi kimefika. Bia iliyozidishwa hopsi bila kimea cha kuzibeba haikukolea, imezidi. Na kimea si neno la kuazima. Limetokana na kumea, nalo lilikuwa likitumiwa kwa wimbi na mtama ulioloweshwa ukachipuka kwa ajili ya pombe kabla ya shayiri ya Mzungu kufika. Kilichokosekana ni neno hopsi tu, na hilo tumelitohoa. Lugha haiwi maskini kwa kukosa jina la mmea usioota kwake.

Hisia kinywani: bia nyepesi, nzito, laini, yenye kuchoma kidogo kooni kwa sababu ya kileo, au yenye ukakasi. Ukakasi si uchungu. Ni ile hali ya ulimi na fizi kukazika, kama unapotafuna ndizi mbichi. Hopsi zikitumiwa ovyo huleta ukakasi, na anayeuita uchungu atamwelekeza mpishi kwenye kosa ambalo hakulifanya.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala haya.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anapika bia katika kiwanda kidogo jijini Nairobi, aliniomba nimsaidie kuandika lebo kwa Kiswahili. Alikuwa na bia mbili. Moja ilikuwa chungu sana, yenye kileo cha asilimia 4.5. Ya pili ilikuwa IPA maradufu ya asilimia 8, yenye ukungu na harufu ya embe, iliyoteremka kama maji ya matunda. Kwenye rasimu yake ile ya kwanza ameiita "bia kali".

"Kali kwa vipi?" nikamuuliza.

"Si ni chungu, Profesa? Watu wakiionja tu wanasema ni kali."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo wanasema ni tamu. Wanasema ni ya akina dada."

Nilimwambia atazame namba zake mwenyewe. Ile waliyoiita kali ilikuwa na karibu nusu ya kileo cha ile waliyoiita tamu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo lebo yangu inadanganya." Nikamjibu kwamba kwa Kiswahili cha kila siku haidanganyi, na hilo ndilo tatizo.

Kivumishi -kali ni punda wetu. Tumembebesha kila kitu. Simba mkali, jua kali, kisu kikali, mwalimu mkali, pilipili kali, dawa kali, pombe kali. Katika "pombe kali" kivumishi hiki kinamaanisha wingi wa kileo. Katika "limau kali" kinamaanisha uchachu. Mnywaji wa bia naye anakitumia kwa uchungu. Sifa tatu tofauti, zinazotokana na vitu vitatu tofauti, tumezifunga mzigo mmoja. Ilhali -chungu lipo, na ni neno zee lenye mifano yake: chungu kama shubiri, chungu kama mwarubaini. Uchungu wa bia unatoka kwenye hopsi, na hupimwa kwa miligramu za zile asidi katika lita moja. Ukali wa bia unatoka kwenye sukari ya kimea iliyogeuzwa kileo na hamira. Unaweza kuwa na kimoja bila kingine. Ile IPA ya Uingereza ni chungu bila kuwa kali. IPA maradufu ni vyote viwili, na mara nyingine uchungu wake hufichwa na harufu za matunda, usijue umekunywa nini hadi utakapotaka kuinuka kitini.

Hesabu yake ni nyepesi. Nusu lita ya bia ya kawaida ya hapa nchini, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21 za kileo halisi. Nusu lita ya asilimia 8 ina mililita 40. Mtu anayesema "nilikunywa mbili tu" huenda anasema nne. Akishika usukani wa gari kwa kuuamini ulimi wake, lugha imemponza, na huenda ikamponza mwingine aliyekuwa akivuka barabara.

Na tusidhani hili linawahusu wanywaji wa bia ghali peke yao. Nchini mwetu imani kwamba ulimi hupima nguvu imeua watu. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mei 2014 msiba wa aina hiyo ulizikumba kaunti kadhaa. Muuzaji husifiwa kwa kuwa pombe yake "ni kali", naye akisifiwa hatii maji tena, anatia sumu. Ulimi hauwezi kuitenga methanoli na kileo cha kawaida. Mwonjaji hodari kuliko wote hawezi. Neno "kali", likiwa sifa ya kuvutia wateja, limegeuka chambo.

Historia ya ukoloni nayo imechangia. Bia ya chupa ilipoanza kutengenezwa nchini mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua, na marufuku hiyo iliendelea hadi miaka ya 1940. George aliuawa na ndovu mwaka 1923, na inasimuliwa kuwa ndiyo asili ya jina Tusker. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, mpishi wa pombe wa Kiafrika, mwanamke aliyejua kimea na chachu kuliko wengi, alifungiwa nje ya kinywaji hicho, na pombe yake mwenyewe ikawekewa vibali na misako. Msamiati wa kazi hiyo ulisukumwa gizani pamoja na wenyewe. Pombe inayonywewa kwa kujificha hainywewi kwa kuonjwa. Hunywewa haraka, na swali pekee linalobaki ni kama inalewesha.

Ninapendekeza nini? Nawaomba watafsiri wa lebo, waandishi wa matangazo na walimu wenzangu tutenganishe maneno manne. Uchungu uwe wa hopsi. Uchachu uwe wa asidi. Ukakasi uwe wa kukaza ulimi na fizi. Ukali ubaki kwa kileo peke yake, nao usiachwe uwe sifa tupu: uandamane na namba. Badala ya "bia kali" iandikwe "kileo asilimia 8", kwa herufi zinazosomeka bila kukodoa macho. Yule mwanafunzi wangu amekwisha kufanya hivyo. Lebo ya bia yake ya kwanza sasa inasema "chungu kama danzi, kileo asilimia 4.5". Ya pili inasema "yanukia embe, kileo asilimia 8, inywewe polepole".

Wako wasomaji wa safu hii wasiogusa kileo kwa sababu ya dini au afya, na uamuzi wao nauheshimu. Maneno haya manne yatawafaa hata hivyo katika kahawa, chai ya rangi, ukwaju na dawa ya mtoto. Mama anayemwambia daktari kwamba dawa ni "kali" anaweza kuwa anasema inachoma, ni chungu, ama imemlegeza mtoto. Daktari naye anastahili kujua ni ipi kati ya hizo.